Nani Atamwambia Mwenye Bunduki Aiache Getini?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Newala. Jioni moja nilikwenda na mpwa wangu hadi Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, jicho likashuka mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ikaonekana Msumbiji. Mpwa wangu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo hapa nchini. Kwetu, iwe kwa Wamakonde, Wamakua au Wayao, mjomba hulazimika kujibu maswali ambayo baba anaweza kuyakwepa. Swali la jioni ile lilikuwa hili:

"Mjomba, JKT walinifundisha kuifungua SMG na kuifunga, wakanipeleka kulenga shabaha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo niko chuoni, na mlinzi wa hosteli yetu ana rungu na tochi. Wale wa Kitaya wakija, nani atanilinda? Kwa nini nchi iniamini na bunduki kambini, isiniamini nayo bwenini?"

Nilimjibu kwa utani, kama tufanyavyo watu wazima tunaposhindwa. Usiku sikulala vizuri. Tangu siku ile nimelisikia swali hilo hilo kwa wanafunzi wangu, kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Masasi, na kwa ofisa mmoja wa serikali aliyetaka nimhakikishie kwamba binti yake yuko salama chuoni. Wapo pia wanaosoma mijadala ya Marekani katika simu zao na kuuliza kwa nini mwanafunzi wa Texas aruhusiwe na wa Tanzania akatazwe. Makala haya ni jibu langu kwa mpwa wangu, na kwa wote hao.

Nianze kwa kukiri kwamba swali la kijana huyu lina mizizi. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, wakakishambulia kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu huu wa Mtwara. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, vinapiganwa kati ya watu wanaosema lugha yetu na kuoa katika koo zetu. Na kabla ya hapo tulikuwa tumeiona Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, wakawaua watu 148, walio wengi wakiwa wanafunzi, wengine wakitolewa vitandani. Anayemcheka mpwa wangu kwa kuogopa hajui kinachoendelea mlangoni pake.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mtu anayeomba kumiliki silaha awe na umri wa miaka 25 au zaidi, awe na akili timamu, na awe amethibitishwa kwamba anajua kuitumia na kuitunza. Ombi lake huanzia kwa majirani zake, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, kisha hupanda ngazi hadi Polisi. Mpwa wangu ana miaka 21. Kwake sheria imekwisha sema.

Lakini vyuo vyetu havina vijana wa miaka 21 tu. Katika darasa langu la shahada ya uzamili wamo walimu wa sekondari, watendaji, wahasibu wa halmashauri na askari waliopewa ruhusa ya masomo. Wengi wamevuka miaka 30, na mwenye leseni halali akiwemo miongoni mwao sitashangaa. Kwa mtu wa namna hiyo kizuizi kinachobaki ni kanuni za chuo. Kanuni za wanafunzi katika vyuo vyetu huitaja silaha pamoja na pombe, jiko la umeme na mgeni asiyeandikishwa, na kuvikataza vyote kwa pumzi moja. Kwa hiyo kuna uzio wa dola na uzio wa chuo, na swali la msingi ni uzio upi una nguvu pale vinapogongana.

Wamarekani wamelifikisha swali hilo mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado iliamua kwamba bodi ya chuo kikuu cha jimbo haikuwa na mamlaka ya kuwakataza wenye vibali kubeba bastola iliyofichwa, kwa kuwa sheria ya jimbo ilikuwa imewaruhusu. Kesi hiyo ilifunguliwa na kikundi cha wanafunzi, nao wakashinda. Texas ilipitisha sheria yake mwaka 2015: mwenye kibali aweza kuingia na bastola yake ndani ya majengo ya chuo kikuu cha umma. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2016.

Tarehe hiyo naomba muikumbuke. Ilikuwa miaka 50 kamili tangu tarehe 1 Agosti 1966, siku ambayo mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin alipanda juu ya mnara wa chuo akiwa na bunduki, akawaua zaidi ya watu 10 waliokuwa wakipita chini. Hakuwa jambazi wala mgeni. Alikuwa mwanafunzi aliyepitia jeshi la wanamaji, na shabaha alifundishwa huko. Mpwa wangu, hapo ndipo jibu la kwanza lilipo. Kambi inaweza kukufundisha namna ya kuishika bunduki na namna ya kulenga. Haiwezi kukuhakikishia utakuwa mtu wa namna gani siku utakapofeli, utakapoachwa, au utakapougua ugonjwa ambao hata wewe mwenyewe hujajua kwamba unaugua.

Kambini, tena, bunduki si yako. Inatoka ghalani kwa hesabu na kurudi ghalani kwa hesabu. Risasi unapewa ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, mbele yako pamesimama mkufunzi anayeweza kukunyang'anya wakati wowote. Nchi haikukuamini wewe peke yako. Iliuamini utaratibu uliokuzunguka. Bwenini utaratibu huo haupo. Kuna vitanda vya ghorofa, kufuli la elfu tatu, na watu wanne hadi wanane katika chumba kimoja.

Tuyajue na maisha ya mabweni yetu. Kuna wiki ambazo boom halijaingia na watu wanadaiana chakula. Kuna siku matokeo yanabandikwa na mtu anagundua kwamba amedisco, naye nyumbani aliuziwa shamba la mikorosho ili asome. Kuna mapenzi, kuna wivu, kuna kampeni za serikali ya wanafunzi ambapo ngumi hurushwa kwa cheo ambacho hakina hata mshahara. Kila mhadhiri aliyewahi kuwa mlezi wa wanafunzi anazo kumbukumbu za usiku ambao alimshukuru Mungu kwamba kilichokuwa karibu ni kiti tu. Machi 2010, katika msimu wa kampeni za wanafunzi wa Makerere, mlinzi wa hosteli aliwapiga risasi wanafunzi, na wawili, raia wa Kenya, wakafa. Huyo alikuwa mtu mzima aliyeajiriwa kulinda. Je, tukizigawa silaha hizo kwa wanaolindwa?

Mtetezi wa bunduki za wanafunzi ataniambia: Garissa kungekuwa na hata bastola mbili, wangapi wangepona? Swali lake ni halali na sitalikimbia. Wauaji wanne walikuwa na silaha za kivita, wameshajiandaa kufa, na waliwakuta watu usingizini. Mwanafunzi aliyekurupuka gizani na bastola angewapiga akina nani kati ya mamia wanaokimbia? Na askari wa uokoaji wangemjuaje kwamba yeye si wa tano? Baada ya Garissa wenzetu wa Kenya waliona jinsi hofu peke yake inavyoua. Siku 10 tu baadaye, tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ililipuka usiku katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujihami kwa milio ya risasi bila watu wengi kujua kwamba ni zoezi. Mfanyakazi mmoja aliruka na kupoteza maisha. Hapakuwa na gaidi hata mmoja katika matukio hayo mawili. Weka bastola 20 katika mabweni yale usiku ule, kisha uniambie hesabu ya asubuhi.

Lipo na jambo linalonihusu mimi na wenzangu moja kwa moja. Kabla sheria ya Texas haijaanza kutumika, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Houston walioneshwa mkutanoni ushauri wa namna ya kuishi nayo: wawe waangalifu wanapojadili mada nyeti, pengine waziondoe baadhi ya mada katika kozi zao, wasiendelee pale wanapohisi hasira. Soma tena ushauri huo. Hakuna risasi iliyokuwa imefyatuliwa, na tayari mtaala ulikuwa umeanza kupunguzwa. Mhadhiri anayemwogopa mwanafunzi wake hafundishi, na mwanafunzi anayejua kwamba anaogopwa hajifunzi. Kwa hiyo, kwa mpwa wangu, kwa rafiki zake na kwa mwenye leseni wa darasa langu la uzamili, jibu langu ni hapana. Chuo kiwe na haki ya kusema bunduki haiingii, hata kama dola imetoa leseni.

Ningeweza kuishia hapo, na wakubwa wengi wangenipongeza. Lakini ningekuwa nimemdanganya kijana.

Kwa maana bunduki inayoua wanafunzi katika nchi zetu haitoki katika sanduku la mwanafunzi. Tarehe 16 Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni, Dar es Salaam. Alikuwa akishughulikia barua ya mafunzo yake kwa vitendo. Polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani, na risasi ikampata yeye. Askari walikamatwa, kisha jalada la kesi likafungwa. Siku 11 baada ya kifo chake, nchini Kenya, Evans Njoroge, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano ya wanafunzi, na polisi wakanyooshewa kidole. Rudi nyuma. Desemba 1990 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Makerere waliogoma, na wawili wakafa. Mei mwaka huo huo, usiku, watu wa vikosi vya Mobutu waliingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mpaka leo idadi ya waliouawa inabishaniwa.

Katika orodha hiyo yote, ni mwanafunzi yupi aliyekuwa na bunduki?

Na tusidhani kwamba nia njema hubadili tabia ya silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. FRELIMO walikuwa na kambi yao kuu Nachingwea, hapa jirani na Masasi, nasi wa huku tuliwapokea wakimbizi wao waliovuka Ruvuma. Museveni na wenzake walikwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji, naye akaandika tasnifu yake juu ya nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu. Vita ile ilikuwa ya haki, na wazee wetu hawajutii walichotoa. Mwanafunzi yule akaingia Ikulu ya nchi yake kwa bunduki Januari 1986. Na wanafunzi wa Makerere waliopigwa risasi Desemba 1990, walipigwa chini ya serikali ya nani? Ilikuwa serikali yake.

Hata Masasi tuna mfano wa kwetu, na nautaja kwa heshima. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, msomi wa Makerere, alikuwa Rais wakati polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Pemba Januari 2001. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019 alikiri kwamba vifo vile vilibaki kuwa doa katika urais wake. Nampa heshima kwa kukiri. Lakini angalieni: Rais mstaarabu, aliyesoma, mpenda vitabu, naye hakuweza kuirudisha risasi ikishatoka. Basi ulinzi wetu usitegemee ustaarabu wa mtu mmoja. Utegemee kanuni iliyoandikwa kabla ya siku ya hasira.

Hapa ndipo ninapotaka kuwashika mashati waandishi wa kanuni zetu. Dola yetu inajua sana kudhibiti bunduki ya raia. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa kuhakikiwa, na hata Rais wa wakati huo, John Magufuli, alihakikiwa silaha zake. Mwaka 2022, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba, wananchi walitakiwa kusalimisha kwa hiari silaha wasizozimiliki kihalali, na wasingeshtakiwa. Katika ukoo wetu kulikuwa na gobore la babu, lililotumika kufukuza nguruwe pori katika mihogo, halikuwa na karatasi, na lilikuwa na kutu kuliko baruti. Mzee wetu mmoja alilifunga katika mkeka, akalipeleka kwa mtendaji, akarudi kwa miguu. Alitii, nami nilimsifu. Sheria ikiweza kumfikia mzee wa miaka zaidi ya 70 pembeni mwa Newala na gobore lake, haiwezi kusema imechoka inapofika kwenye gari la askari lililoegeshwa mbele ya utawala wa chuo.

Lakini fungua kanuni za silaha za vyuo vyetu. Zinasema na mwanafunzi. Zimemkataza, zimemwonya, zimemtishia kufukuzwa. Tafuta kifungu kinachosema ni nani mwenye mamlaka ya kuwaita askari wenye silaha ndani ya chuo. Kinachosema wakiingia wabebe nini na wasibebe nini. Kinachosema mlinzi wa kampuni binafsi mwenye bunduki awe amefunzwa wapi na asifike mlango upi. Kinachosema mheshimiwa anayekuja kutoa mhadhara aiache wapi bastola yake. Nimefanya kazi katika vyuo kwa zaidi ya miaka 15 na kifungu cha namna hiyo sijawahi kukabidhiwa. Mwaka mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, wanafunzi walikusanyika kudai fedha zao za kujikimu. Nilitoka darasani na kukuta askari wenye bunduki wamesimama chini ya miembe. Niliuliza ofisi tatu ni nani aliyewaita. Kila ofisi ilinielekeza kwenye ofisi nyingine. Siku ile ilimalizika salama, kwa bahati. Chuo kizima kilikuwa kimeachiwa bahati.

Sisi wa kusini tunajua inakuwaje serikali inapozoea kulijibu swali kwa kuonesha silaha. Januari 2013 ugomvi wa polisi na waendesha bodaboda mjini Masasi uliwaka mpaka nyumba na ofisi zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Mei mwaka huo Mtwara iliuliza gesi itatunufaishaje, na wanajeshi wakaingia mjini. Novemba 2018 bei ya korosho ilipogomba, jeshi likaletwa kununua na kusomba magunia. Haki isemwe: mwaka ule wanajeshi walibeba korosho, hawakuja kupigana na wakulima. Lakini mkulima wa Newala alielewa ujumbe: hata biashara ikikwama, anayetumwa ni mwenye sare. Kijana aliyekulia katika hali hiyo akiniambia kwamba usalama ni bunduki, nimlaumu yeye?

Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa umma wa miaka mingi, alipoisoma rasimu hii alinipigia simu. "Daktari," akasema, "chuo si kisiwa. Polisi wana mamlaka kisheria ya kuingia popote kuzuia uhalifu. Unataka wakasubiri barua ya Makamu Mkuu wa Chuo wakati magaidi wanaua watoto?" Sitaki hivyo. Askari akifukuzia muuaji hahitaji barua yangu, na nitakuwa wa kwanza kumfungulia geti. Nazungumzia ile siku nyingine, ambayo ndiyo ya kawaida: wanafunzi 300 wamekaa chini mbele ya jengo la utawala wakiimba, wana mabango na njaa. Kuzichanganya siku hizo mbili kwa makusudi ndiyo hila yenyewe. Gaidi wa Kitaya anatumiwa kuhalalisha risasi inayompata mwanafunzi wa Kinondoni.

Na Garissa yenyewe, ukiisoma vizuri, inanitetea. Tahadhari zilikuwa zimetolewa. Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake juu ya shambulio. Kikosi maalum cha kuokoa kilikuwa Nairobi, na kilichukua saa nyingi kufika. Watoto wale waliponzwa na dola iliyochelewa mahali ilipohitajika. Tunayo mamlaka yanayofika haraka kwenye mgomo na kuchelewa kwenye mauaji, kisha tunamwambia mwanafunzi achague kati ya kubeba bastola na kufa.

Nini kifanyike? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, kila chuo kiandike na kubandika hadharani sera ya silaha inayomhusu kila mtu anayevuka geti: mwanafunzi, mhadhiri, mlinzi, askari na mgeni mashuhuri. Mwenye leseni aache silaha yake getini, ipokelewe kwa hati, ihifadhiwe, arudishiwe akiondoka. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inayokuja kuhesabu wahadhiri wenye udaktari na vitabu vya maktaba, iiombe na sera hiyo.

Pili, pasipokuwa na hatari ya maisha, askari wenye silaha wasiingie chuoni ila kwa maombi ya maandishi yenye jina na saini ya kiongozi wa chuo aliyeyatoa. Na kwenye mkusanyiko wa wanafunzi wasio na silaha, risasi za moto zisiwepo kabisa, hata ndani ya gari. Saini ni kitu kidogo, lakini mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuiweka.

Tatu, ulinzi wa kweli ugharamiwe, hasa vyuoni mwetu huku mpakani, vikiwemo vyuo vya ualimu vya Masasi na Kitangali. Taa zifanye kazi, mabweni yawe na milango miwili ya kutokea, walinzi wafunzwe, namba ya dharura ipokelewe, na kila chuo kijue kikosi cha uokoaji kitatoka wapi na kwa muda gani. Mazoezi ya kujihami yafanyike kwa kutangazwa, tusirudie ya Strathmore.

Nne, kila risasi inayofyatuliwa ndani ya chuo au dhidi ya mwanafunzi itolewe maelezo hadharani katika muda uliowekwa. Anapokufa mtu, uchunguzi wa kifo ufanywe mahakamani. Sheria ya uchunguzi wa vifo tunayo tangu mwaka 1980. Kufunga jalada si kujibu.

Wanafunzi, msiombe bunduki. Ombeni kanuni, na mziombe kwa majina ya vifungu, maana mkiomba bunduki mtapewa mahubiri, na mkiomba kanuni mtapewa kikao, na kwenye kikao kuna kumbukumbu zilizoandikwa. Wanaharakati, tunayaandika majina ya waliokufa kila mwaka. Tuanze kuyaandika na majina ya ofisi zilizopaswa kuzuia. Watumishi wa umma mnaosoma blogu hii kimyakimya, nawajua, na baadhi yenu ndio mnaoandaa rasimu za kanuni hizo. Kifungu kimoja kilichoandikwa vizuri na karani asiyejulikana kinaweza kumfikisha nyumbani mtoto wa mtu.

Mpwa wangu, uliniuliza nani atakulinda. Mlinzi mwenye rungu na tochi hatoshi, uko sahihi. Bastola chini ya godoro haitakulinda pia, na askari aliyesimama chini ya mwembe bila mtu kujua nani kamwita ni hatari ya tatu juu ya hizo mbili. Mzee wetu aliambiwa na sheria alete gobore lake, akalifunga katika mkeka akalipeleka. Mimi nataka sheria hiyo hiyo iwe na sauti ya kumwambia mwenye bunduki kubwa kuliko ile ya babu yako: simama hapo getini, sema umetumwa na nani.

Nawasilisha.